Anayepanda Ndege ya Riyadh ni Nani?

Kila jeneza linaposhushwa Nairobi kutoka Riyadh au Dammam, mjadala ule ule huanza upya, na kila mara wanaojadili huwa wanamzungumzia mtu tofauti. Wapo wanaosema ni msichana wa kijijini ambaye hakusoma, akadanganywa na wakala. Wapo wanaosema ni mtu mzima mwenye akili zake, aliyeonywa na ndugu zake na bado akaenda, basi asimlaumu yeyote. Viongozi kadhaa wamesema hadharani kwamba shida ni mafunzo na tabia: akijua kutumia mashine ya kufulia na akajifunza kutii, atarudi salama. Na wanaohesabu fedha hukumbusha kwamba Wakenya walio ng'ambo walituma nyumbani takriban dola bilioni 4.9 mwaka 2024, na kwamba Saudia imepanda hadi kuwa miongoni mwa nchi zinazotoa sehemu kubwa ya fedha hizo.

Huu si ubishi wa barazani tu, maana kuna roho za watu ndani yake. Uchunguzi wa gazeti la New York Times uliochapishwa Machi 2025 ulihesabu Wakenya wasiopungua 274, wengi wao wanawake, waliofia Saudia ndani ya miaka mitano. Serikali zinatunga sera kwa kufuata ile picha ya mfanyakazi zilizo nayo kichwani. Picha ikiwa ya uongo, sera nayo inamkosa mtu iliyokusudiwa kumlinda. Ndiyo maana inafaa tuanze na swali la kwanza kabisa: anayekwenda ni nani, alikuwa akifanya nini kabla ya kwenda, na anakutana na nini akifika?

Saudia kwa hesabu

Sensa ya Saudia ya mwaka 2022 ilipata watu milioni 32.2. Kati yao milioni 13.4 si raia, yaani wanne katika kila kumi. Wabangladeshi ndio wengi zaidi, milioni 2.1. Wanafuatwa na Wahindi milioni 1.9, kisha Wapakistani na Wayemeni, kila kundi milioni 1.8, halafu Wamisri karibu milioni 1.5 na Wasudani zaidi ya laki nane. Robo tatu ya wageni hao ni wanaume, na wengi wako katika umri wa kufanya kazi. Wazee ni wachache, maana ikama, kibali cha ukaazi, hufungamana na kazi: kazi ikiisha, mtu huondoka.

Mkenya, Mganda na Mtanzania hawamo katika orodha hiyo ya juu. Shirika la Amnesty International, katika ripoti yake ya Mei 2025, linataja Wakenya wapatao 150,000 wanaofanya kazi za nyumbani Saudia, katika jumla ya watumishi wa nyumbani karibu milioni nne. Kwa nchi yenye wageni milioni 13, hiyo ni idadi ndogo. Tofauti iko mahali walipo. Mbangladeshi mmoja anafagia barabara, wa pili yuko juu ya jengo, wa tatu anauza dukani Jeddah. Wako kila mahali, na wako pamoja. Mwafrika Mashariki kwa sehemu kubwa yuko peke yake ndani ya nyumba ya mtu, nyuma ya lango. Pengo hilo kati ya uchache wa watu na wingi wa majeneza halielezeki bila kuitazama nyumba hiyo.

Jambo jingine husahauliwa: wengi wa watumishi wa nyumbani Saudia ni wanaume, hasa madereva wa familia. Utaratibu huo ulikomaa katika miaka mingi ambayo wanawake hawakuruhusiwa kuendesha gari, hadi Juni 2018. Lakini dereva hutoka nje, hukutana na madereva wenzake msikitini na kwenye maegesho, na ana simu mfukoni. Mpishi na mlezi wa watoto hawana hayo. Wote wamo katika kundi moja la kisheria, ila hatari inayowakabili si moja.

Mlango ulivyofunguliwa

Uraia wa wafanyakazi wa Ghuba haukupangwa na soko peke yake. Siasa iliupanga mara nyingi zaidi. Bei ya mafuta ilipopaa mwaka 1973, waliomiminika kwanza walikuwa Waarabu: Wayemeni, Wamisri, Wapalestina. Iraki ilipoivamia Kuwait mwaka 1990 na Yemen ikakataa kuunga mkono upande wa Saudia, mamia ya maelfu ya Wayemeni walilazimika kuondoka, na nafasi zao nyingi zikachukuliwa na watu wa Asia.

Zamu ya Waafrika Mashariki ilikuja kwa njia hiyo hiyo. Ufilipino mwaka 2006 iliamua kwamba mtumishi wa nyumbani wa Kifilipino asilipwe chini ya dola 400 kwa mwezi. Juni 2011 Saudia ilimkata kichwa mwanamke wa Indonesia, Ruyati binti Satubi, aliyehukumiwa kwa kumuua mwajiri wake. Serikali ya Indonesia, ambayo haikuarifiwa kabla, ikatangaza kusitisha kupeleka wafanyakazi. Saudia nayo ikatangaza kwamba kuanzia Julai 2011 haitatoa tena viza kwa watumishi wa nyumbani wa Indonesia na Ufilipino. Nyumba zikabaki zinahitaji watu, na mawakala wakageukia Ethiopia na Kenya. Oktoba 2013 Ethiopia ikafunga mlango wake, na katika msako wa mwisho wa mwaka huo na mwanzo wa 2014 Waethiopia zaidi ya 160,000 wakafukuzwa Saudia. Kenya na Uganda zikasogea mbele katika foleni.

Neno hilo, foleni, ndilo ufunguo wa uchambuzi wote huu. Kila taifa lililodai zaidi lilipitwa na lililo nyuma yake. Wakenya hawakuitwa kwa sababu ya ujuzi walionao. Waliitwa kwa sababu waliokuwa mbele yao walianza kuweka masharti.

Ni akina nani hasa

Anayewasikiliza wanawake waliorudi, kama walivyozungumza na watafiti na vyombo vya habari kwa miaka kumi na zaidi, ataona picha inayorudi mara kwa mara. Wengi wako katika miaka ya ishirini na thelathini. Wengi ni mama, mara nyingi mama anayelea bila baba wa mtoto, na mtoto anabaki kwa nyanya. Kabla ya kuondoka walikuwa wakifanya kazi, na hili linapaswa kusisitizwa. Walikuwa yaya katika nyumba za Nairobi, wahudumu wa hoteli, wasusi, wauza mitumba, vibarua wa mashamba ya maua ya Naivasha. Anayesema wanatoka katika kukaa bure hajawatazama. Wanatoka katika kazi isiyolipa.

Wala si kweli kwamba ni watu ambao hawakusoma. Wapo walioachia darasa la nane, lakini wengi walifika kidato cha nne. Mwaka 2024 watahiniwa 962,512 walifanya mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE, na 246,391 tu, karibu robo, walipata alama ya C+ inayofungua mlango wa chuo kikuu. Wale laki saba waliobaki ni vijana wanaosoma na kuandika, wanaozungumza Kiingereza na Kiswahili, na wanaoingia katika soko la kazi lisilo na nafasi yao. Hapo ndipo mawakala hupata watu wao. Haihitaji ujinga kwa mtu aliyesoma miaka kumi na miwili kukubali ofa ya riyali 1,000 kwa mwezi.

Kimaeneo, Pwani ilitangulia. Mombasa, Kwale, Kilifi na Lamu zina undugu wa karne nyingi na Uarabuni, zina madrasa, na karibu kila mtaa una mtu aliyewahi kwenda Jeddah. Baadaye mkondo ulihamia bara: mitaa ya mabanda ya Nairobi, Nakuru, Kisumu, Bungoma, Busia. Kwa hiyo sura ya mfanyakazi imebadilika. Wa kwanza walikuwa Waislamu waliojua kidogo lugha na mila za waendako, na waliokuwa na shangazi au binamu wa kupigia simu. Wa sasa wengi ni Wakristo wa bara, ambao mtu pekee wanayemjua nchini humo ni ofisa wa ofisi ya wakala, wanayoiita maktabu.

Tanzania ina njia yake. Wanawake wengi huelekea Oman na Falme za Kiarabu, na wengi hutoka Zanzibar na mwambao. Oman ni nchi ya pekee kwa Mswahili: familia nyingi za Muscat ziliwahi kuishi Zanzibar, zikarejea baada ya mapinduzi ya 1964 na hasa baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, na zinazungumza Kiswahili nyumbani hadi leo.

Wanaume ni sura nyingine kabisa. Mkenya au Mganda wa kiume mara nyingi huajiriwa kama mlinzi, dereva, mfanya usafi au mhudumu wa hoteli, zaidi Qatar na Falme za Kiarabu. Waganda walianza ulinzi wa ng'ambo mapema, katika kambi za Marekani nchini Iraki. Malcolm Bidali, Mkenya aliyekuwa mlinzi Qatar, aliandika mtandaoni kwa jina la Noah kuhusu vyumba vilivyojaa vitanda na zamu za saa kumi na mbili. Mei 2021 alikamatwa, akawekwa peke yake kwa wiki kadhaa, kisha akatozwa faini. Mtu anayeandika hivyo hawezi kuitwa mjinga wa mambo. Kinachomtofautisha na dada yake aliye jikoni Riyadh ni kwamba yeye alikuwa na wenzake chumbani, na simu ilikuwa yake.

Karatasi moja

Ukitaka kuona jinsi historia yote ya mtu inavyokunjwa, chukua karatasi ya wasifu ambayo wakala wa Nairobi humtumia mwenzake wa Riyadh. Ni ukurasa mmoja. Juu kulia kuna picha ndogo ya uso, na pembeni picha ya mwili mzima: mwanamke amesimama wima, mtandio kichwani, mikono mbele, mara nyingi mbele ya pazia la rangi moja. Chini yake kuna visanduku. Uraia. Dini. Umri. Urefu. Uzito. Hali ya ndoa. Idadi ya watoto. Kiwango cha elimu. Kiarabu: anajua, anajua kidogo, hajui. Amewahi kufanya kazi Ghuba? Kupika, kufua, kupiga pasi, kulea watoto, kutunza wazee: alama ya vema, alama ya vema, alama ya vema.

Na mshahara. Mshahara umekwisha kuandikwa kabla hajaulizwa anajua nini, maana unafuata kile kisanduku cha kwanza, uraia. Mfilipino kwa miaka mingi ameandikiwa riyali 1,500. Mkenya, mara nyingi, 900 au 1,000. Kisanduku cha elimu kipo, ila hakisogezi tarakimu.

Gharama ya kumleta nayo inafuata pasi. Mwaka 2024 wizara ya rasilimali watu ya Saudia ilishusha viwango vya juu ambavyo wakala anaweza kumtoza mwajiri: Mfilipino riyali 14,700, Mbangladeshi 11,750, Mkenya 9,000, Mganda 8,300, Mwethiopia 5,900. Serikali ya Saudia ilikusudia kuwapunguzia raia wake gharama, na kwa upande wao ni jambo jema. Lakini ukiisoma orodha hiyo kutoka Nairobi au Kampala, unaiona foleni imeandikwa kwa tarakimu, nchi kwa nchi.

Nani alilipa nauli

Hapa ndipo jinsia inapogawa njia. Mlinzi anayekwenda Qatar kwa kawaida hujilipia: ada ya wakala, uchunguzi wa afya, wakati mwingine nauli. Shilingi laki moja za Kenya na kupita si ajabu, nazo hutoka katika mkopo au kipande cha shamba la baba. Anafika akiwa na deni, na deni ndilo linalomfunga kazini hata mshahara ukipunguzwa.

Mwanamke wa kazi za nyumbani anayekwenda Saudia hulipiwa karibu kila kitu na mwajiri, na ndiyo maana hata asiye na akiba anaweza kwenda. Wengi husema bahati ni yake. Tufanye hesabu. Riyali 9,000 ni dola 2,400. Kwa mshahara wa 900 kwa mwezi, familia ya Riyadh imelipa mwanzoni sawa na miezi kumi ya mshahara wa mtu ambaye haijamwona. Ikiwa ataondoka baada ya miezi mitano, familia huiona hasara. Kutokana na hesabu hiyo huzaliwa kufungiwa mlango, kunyang'anywa simu, kuzuiwa pasi, na ile kauli ambayo wanawake wengi waliorudi wameisimulia: nimekununua. Kauli hiyo ni ya kikatili, na mzizi wake uko katika jinsi malipo yalivyopangwa, si katika roho mbaya ya mtu mmoja mmoja peke yake.

Sasa hoja zinazoshindana.

Hoja ya kwanza: pigeni marufuku

Nguvu ya hoja hii ni kwamba inayaweka maisha mbele ya fedha, na kwamba marufuku yamewahi kuzaa matunda. Ufilipino imetumia tishio la kusitisha kupeleka wafanyakazi mara kadhaa na kurudi na masharti bora. Lakini nyuma ya tishio hilo kulikuwa na dola iliyojipanga. Baada ya Flor Contemplacion kunyongwa Singapore mwaka 1995, Ufilipino ilipitisha sheria kamili ya wafanyakazi wa ng'ambo mwaka huo huo, na leo ina wizara nzima kwa ajili yao na ofisi za kazi katika balozi zake.

Kwetu marufuku yalikuja bila mpangilio huo nyuma yake. Kenya ilifuta leseni za mawakala zaidi ya 900 mwaka 2014 na kuzuia safari hadi 2017. Uganda ilizuia mwaka 2016, Ethiopia kuanzia 2013 hadi 2018. Watu waliendelea kwenda. Waganda walipitia Nairobi, Wakenya wakapitia Uganda, Waethiopia wakapanda mashua kuvuka hadi Yemen. Tofauti ilikuwa kwamba sasa hawakuwa na mkataba uliosajiliwa wala jina katika daftari la ubalozi. Na kila nchi ilipofunga, jirani alichukua nafasi: Burundi nayo ilitia saini makubaliano na Saudia mwaka 2021. Marufuku ya nchi moja katika foleni ya nchi tano humsogeza mbele aliye nyuma, basi.

Hoja ya pili: wafundisheni

Hii ndiyo hoja inayopendwa na serikali, na ndiyo rahisi kutekeleza: wiki chache za mafunzo, cheti, sherehe. Ina faida zake. Aliyefundishwa kupika wali wa kabsa na kutumia vifaa vya umeme hupunguza ugomvi wa siku za mwanzo, na aliyefundishwa kusoma mkataba wake anajua alichoahidiwa.

Udhaifu wake ni kwamba inamchukulia mfanyakazi kuwa ndiye chanzo. Kama kutoelewana kwa lugha na mila ndiko kunakoleta mateso, Mtanzania aliyeko Oman angekuwa salama kuliko wote. Wengi wao ni Waislamu, wanatoka katika utamaduni ulio jirani sana, na wako katika nchi ambamo nyumba nyingi zinasikia Kiswahili. Lakini ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2017, iliyotokana na mahojiano na wanawake 50 wa Tanzania waliofanya kazi Oman na Falme za Kiarabu, inasimulia yale yale: pasi kuchukuliwa, kazi hadi usiku wa manane, mishahara kukatwa au kutolipwa, vipigo, bughudha za kingono. Lugha haikuwakinga. Mtu anaweza kueleweka kila neno analosema na bado asisikilizwe.

Na mafunzo hayamfundishi mwajiri. Hakuna darasa la wiki mbili kwa familia inayoajiri.

Hoja ya tatu: ni hiari yao, na fedha zinaingia

Hoja hii nayo haipaswi kudharauliwa, maana ndiyo hoja ya wanawake wenyewe wanaorudi Saudia kwa mkataba wa pili na wa tatu, na wapo. Kima cha chini cha mtumishi wa nyumbani Nairobi tangu Novemba 2024 ni shilingi 16,113.75, na wengi hawakipati. Riyali 900 ni kama shilingi 31,000, bila kodi ya nyumba wala chakula. Kwa mama mwenye mtoto shuleni, tofauti hiyo ni karo na mabati. Nyumba za matofali zimejengwa kwa riyali hizo, na kumwambia aliyezijenga kwamba alikosea ni kumvunjia heshima.

Lakini igawanye kwa saa. Wanawake zaidi ya 70 waliohojiwa na Amnesty walisimulia kwamba walifanya kazi kwa kawaida zaidi ya saa 16 kwa siku, wengi bila siku ya mapumziko. Saa 16 kwa siku 30 ni saa 480. Shilingi 31,000 ukizigawa kwa 480 unapata shilingi 65 hivi kwa saa. Kima cha Nairobi, kwa wiki ya saa 52, ni zaidi ya shilingi 70 kwa saa. Ile ziada inayotumwa nyumbani, kwa hiyo, haitokani na kulipwa vizuri. Inatokana na kufanya kazi ya watu wawili na kukosa pa kuitumia fedha. Serikali inaposifu fedha zinazotumwa, inasifu pia saa hizo za usingizi uliokosekana.

Hiari nayo ina mipaka yake. Anayechagua anahitaji kuwa na habari, na hapa habari zinashikwa na wakala, ambaye katika biashara hii hulipwa na upande wa Saudia. Mtumishi akimpigia simu ili amlalamikie mteja aliyemlipa, tunajua jibu litaelekea wapi.

Hoja ya nne: badilisheni sheria ya kule

Kafala, mfumo unaomfunga mfanyakazi kwa mdhamini mmoja, ndiyo shabaha ya watetezi wengi wa haki. Saudia imefanya mageuzi. Tangu Machi 2021 mfanyakazi wa sekta binafsi anaweza, kwa masharti, kuhama mwajiri au kutoka nchini bila idhini ya kafili wake, yaani mdhamini huyo. Ila mageuzi hayo yaliwaacha nje watumishi wa nyumbani, madereva wa familia, watunza bustani na wachunga mifugo. Kwa maneno mengine, yaliwaacha nje Waafrika Mashariki walio wengi. Sheria ya kazi haiwahusu. Wana kanuni zao, na zile zilizoanza kutumika Oktoba 2024 zinaweka kikomo cha saa 10 za kazi kwa siku na siku ya mapumziko kila wiki. Majirani walikwisha kutunga sheria kamili kwa ajili ya watumishi wa nyumbani: Kuwait mwaka 2015, Qatar na Falme za Kiarabu mwaka 2017.

Udhaifu wa hoja hii ni wa aina mbili. Kwanza, bunge la Nairobi au Dodoma halitungi sheria za Riyadh. Pili, nyumba haikaguliwi kama kiwanda: nani atahesabu zile saa kumi?

Lakini kuna ushahidi unaoipa nguvu kuliko maelezo ya wanasheria, nao unatoka kwa wafanyakazi. Anayemtoroka kafili na kujitafutia vibarua mjini huitwa kemboi, kwa jina la Ezekiel Kemboi, Mkenya aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki mara mbili katika mbio za kuruka viunzi na maji. Kemboi hana ulinzi wowote. Ameripotiwa mtoro, ikama yake imekufa, akiugua anaogopa hospitali, akizaa mtoto huenda asipate cheti cha kuzaliwa. Na pamoja na hayo yote, mara nyingi analipwa zaidi ya kadama, mtumishi wa nyumbani, aliye na mkataba, kwa sababu anaweza kukataa nyumba mbaya na kwenda nyingine. Mtu yule yule, elimu ile ile, pasi ile ile. Kilichobadilika ni uwezo wa kuondoka.

Uzito uko wapi

Nikizipima hoja hizi, naona umri, shule na kazi za awali zinaeleza vizuri kwa nini watu wanakwenda. Yanayowapata wakifika yanaelezwa na mambo mengine matatu: pasi waliyonayo, nani alilipa gharama, na kama wanaweza kumwacha mwajiri. Tumetumia miaka mingi tukirekebisha wasifu wa mfanyakazi ilhali hatari yake haiko katika wasifu huo.

Kwa hiyo mafunzo yaendelee, ila mkataba na haki vichukue muda mwingi kuliko mashine ya kufulia. Marufuku ya nchi moja tumeyaona matokeo yake, na sioni sababu ya kuyarudia. Lenye uwezo wa kugeuza mambo ni kuvunja foleni yenyewe: Kenya, Uganda, Tanzania, Burundi na Ethiopia ziende mezani pamoja na kima kimoja cha mshahara, na sharti moja la kuhama mwajiri. Saudia haikuweza kuipuuza Ufilipino peke yake. Itakuwa vigumu zaidi kuzipuuza nchi tano zinazoipelekea wapishi na walezi. Ugumu uko kwetu, maana kila serikali inaogopa kwamba jirani atavunja ahadi na kuchukua nafasi zote. Hofu hiyo ni halali, na haitaondoka kwa hotuba. Itahitaji daftari la pamoja la mawakala, ili aliyefutiwa leseni Nairobi asifungue ofisi Kampala wiki inayofuata, na dhamana ya fedha kutoka kwa kila wakala, inayolipa tiketi ya kurudi na mshahara uliodhulumiwa bila familia kuchangisha harambee.

Na kuna jambo dogo ambalo halihitaji mkutano wa marais. Mwajiri wa Riyadh anapokea ile karatasi yenye urefu, uzito, dini na idadi ya watoto wa mfanyakazi. Mfanyakazi, kuhusu nyumba anayokwenda kulala kwa miaka miwili, mara nyingi hupewa jina na mji. Karatasi ya pili iandaliwe, iambatanishwe na mkataba, na wizara ya kazi isiugonge muhuri bila hiyo. Nyumba ina ghorofa ngapi. Wanaishi watu wangapi. Kuna mzee mgonjwa, kuna mtoto mchanga. Mfanyakazi atalala chumba gani, na kina kitasa cha ndani. Wafanyakazi wangapi wamepita hapo katika miaka mitano, na kila mmoja aliondoka kwa sababu gani.